Bustani ya Dawa Mlangoni Petu

Ni nyumba chache katika vijiji vya Kivu zisizo na majani ya dawa karibu nazo. Nyuma ya jiko pana mchaichai. Kando ya ua pana mshubiri. Na penye mpaka wa shamba umesimama mubirizi, ule mti mdogo wenye majani machungu, ambao maji yake watoto huyanywa kwa kukunja uso. Tena akina mama wengi huchukua maua ya porini na kuyapanda mbele ya mlango, kwa kuwa yapendeza macho.

Je, yafaa kuendelea na desturi hiyo? Watu hawakubaliani. Wako wasemao: «Hayo ni mambo ya kale, siku hizi tuna vidonge.» Wako na wasemao: «Majani ni kazi ya Mungu, hayawezi kumdhuru mtu.» Sisi twaona kwamba wa kwanza wanatupa mali yao, na wa pili wanacheza na hatari. Bustani ya dawa ni msaada mkubwa kwa jamaa, lakini kwa sharti moja: kila mmea ujulikane kwa mambo manne, yaani jina lake, sehemu yake itumikayo, kipimo chake, na mpaka wa nguvu zake. Mmea usiojulikana hivyo ni pambo tu, na pengine ni sumu.

Jina

Kati ya maandiko ya kale yatunzwayo St. Gallen, nchini Uswisi, mna ramani ya monasteri iliyochorwa yapata mwaka 820. Karibu na nyumba ya daktari, mchoraji aliweka bustani ndogo ya dawa yenye matuta 16, na kwa kila tuta aliandika jina la mmea wake. Hakutaka mtu achume kwa kubahatisha. Nchini kwetu Kongo vilevile, mtawa Mjesuiti, Justin Gillet, alianza bustani ya Kisantu, katika jimbo la Kongo Central, yapata mwaka 1900. Alikusanya mimea ya nchi, akaikausha, akaipeleka Ubelgiji ili wataalamu waitambue na kuipa majina. Bustani ile ingali ipo hata leo.

Kwa nini jina lina maana kubwa hivi? Kwa sababu mmea mmoja huwa na majina mengi, na jina moja huweza kupewa mimea mingi. Mubirizi wetu, Wanyarwanda na Warundi huuita umubirizi, Waganda huuita mululuza, na wataalamu wameuandika vitabuni kwa jina la Vernonia amygdalina. Kumbe neno mshubiri hutajwa kwa mimea mingi ya ukoo mmoja, wala si yote iliyo sawa. Mtu akikuambia, «Chemsha mshubiri,» hujaelewa bado ni upi.

Kosa la jina laweza kuua. Liko ua moja la porini lenye kupendeza sana, Gloriosa superba. Hutambaa juu ya vichaka likijishika kwa ncha za majani yake, na rangi zake nyekundu na manjano zafanana na miali ya moto. Watu wa Zimbabwe wamelifanya kuwa ua la taifa lao. Lakini mizizi yake minene ina sumu kali iitwayo kolkisini, na wako watu walioila wakidhani ni kiazi, wakafa. Alipandaye na ajue hayo, na watoto wake wajue, tena asilipande karibu na viazi.

Sehemu

Hata jina likijulikana, kazi haijaisha. Katika mmea mmoja jani laweza kuwa na nguvu moja, shina nguvu nyingine, na mzizi nguvu ya tatu. Jambo hili wanyama wenyewe wanalijua.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, mwaka 1987 mtaalamu Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde, mtu aliyeijua sana misitu ile, walimwona sokwe jike mgonjwa, mlegevu. Sokwe huyo aliuendea mubirizi, akavunja tawi, akaondoa majani na ganda la nje, akatafuna kiini cha ndani na kunyonya maji yake machungu. Kesho yake alionekana amepata nafuu. Baadaye wataalamu walipouchunguza mmea huo walikuta ndani yake vitu vyenye kuwashambulia minyoo. Angalieni: yule mnyama hakuubugia mti wote, bali alichagua sehemu. Watu wa Kameruni nao hula majani ya jamii hiyo ya mubirizi kama mboga, lakini kwanza huyachemsha na kuyaosha mara nyingi ili uchungu upungue.

Mshubiri watufundisha jambo lilelile. Ukilikata jani lake waona vitu viwili: utomvu wa manjano chini ya ganda, na ute mweupe katikati. Ute wa ule mshubiri uitwao Aloe vera hupakwa juu ya ngozi iliyoungua kidogo, baada ya kuipoza kwa maji safi. Utomvu wa manjano ni kitu kingine kabisa: huharisha kwa nguvu na kuumiza tumbo. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliamuru dawa za kulainisha choo zilizotengenezwa kwa utomvu huo zisiuzwe tena bila agizo la daktari. Mama mwenye mimba asiunywe kamwe.

Kipimo

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni kwinini. Mti wake ulitoka katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wakati wa utawala wa Wabelgiji ulipandwa katika vilima vya Kivu, na Bukavu ukawa mji wa kiwanda cha kutoa dawa katika maganda yake. Zamani watu wa Ulaya walisaga ganda hilo na kulinywa pamoja na divai. Wengine walipona, wengine hawakupona, kwa kuwa ganda la mti mmoja lina dawa nyingi, na la mti mwingine lina kidogo. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini peke yake. Tangu hapo daktari aliweza kuipima, akajua anampa mgonjwa kiasi gani.

Jambo hilo latuhusu leo kwa ajili ya mmea uitwao Artemisia annua, ambao umepandwa katika bustani nyingi za Kongo. Wengi huunywa kama chai wakishikwa na malaria. Hatukatai kwamba mmea huo una nguvu. Bibi Tu Youyou na wenzake nchini China walitoa ndani yake dawa ya artemisinini katika miaka ya 1970, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa tunayopewa hospitalini imepimwa, tena imeunganishwa na dawa ya pili ili vijidudu vya malaria visiizoee. Chai haina kipimo. Bustani moja hutoa majani yenye nguvu, nyingine majani hafifu. Na dawa iliyo kidogo mno hutuliza homa kwa siku chache, huku vijidudu vimebaki damuni.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, yaani OMS, lilieleza waziwazi kwamba haliungi mkono chai wala unga wa majani hayo kwa kutibu au kukinga malaria. Uchunguzi mmoja uliofanywa Maniema ulikuwa umeisifu sana chai hiyo, lakini mwaka 2020 jarida la kitaalamu lililouchapisha liliufuta. Twayasema haya kwa kuwa twawajua watu wema wanaoupenda mmea huu, nao yawapasa kuusikia ukweli wote.

Liko na ua jingine ambalo nyote mmeliona: maua yake ni ya rangi ya waridi au meupe, yenye petali tano, nayo hupandwa mbele ya nyumba na hata makaburini. Vitabuni huitwa Catharanthus roseus, na asili yake ni Madagaska. Katika ua hilo zilitolewa dawa mbili, vinblastini na vinkristini, ambazo tangu miaka ya 1960 zimesaidia kuponya watoto wengi wenye saratani ya damu. Lakini hizo ni dawa zipimwazo kwa miligramu na kutiwa mshipani mbele ya daktari. Mtu alichemshaye ua hilo nyumbani hanywi dawa ya saratani. Anakunywa sumu asiyoijua kiasi chake. Na liendelee kupambwa mlangoni, lisiingie chunguni.

Mpaka

Hapa ndipo panapohusika uhai wa watoto wetu. Mara nyingi mtoto hafi kwa sababu ya jani alilonyweshwa, bali kwa sababu ya siku mbili au tatu zilizopotea wakati wazazi walipokuwa wakingoja jani lifanye kazi isiyo yake. Basi ninyi baba na mama, yashikeni haya.

Mtoto akiwa na homa, mchaichai wa vuguvugu wamfaa mtoto mkubwa kwa kuwa humpa hamu ya kunywa. Lakini hauponyi malaria. Apelekwe kituo cha afya siku ileile, apimwe damu. Akiwa hawezi kunywa wala kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akilala usingizi usioamshika, msingoje kuche.

Mtoto akiharisha, wengi huchemsha majani ya mpera. Lakini kinachoua katika kuharisha ni kukaukiwa na maji. Kwanza kabisa apewe maji ya chumvi na sukari yatolewayo katika kituo cha afya. Na yasipopatikana, chukueni litri 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, mtie vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, mkoroge vizuri, mumnyweshe kidogo kidogo. Chumvi isizidi. Anyonyaye aendelee kunyonya. Mkiona damu katika choo, au macho yameingia ndani, nendeni upesi.

Kwa kikohozi, asali pamoja na maji ya tangawizi hutuliza koo. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali hata kidogo, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu vinavyompooza mtoto mchanga. Mtoto akipumua mbiombio, au kifua chake kikiingia ndani anapovuta pumzi, huo si ugonjwa wa tangawizi, mapafu yameshikwa.

Juu ya kitovu cha mtoto mchanga pasiwekwe jani, wala majivu, wala samadi, kwa kuwa ndiyo njia ya pepopunda. Wala asipigwe maji ya majani kwa njia ya nyuma. Desturi hiyo imewakausha na kuwadhuru watoto wengi. Mama mwenye mimba asinywe jani la dawa asilolijua, maana yako majani yasukumayo tumbo la uzazi. Na mgonjwa yeyote akifika hospitalini, aseme bila haya ni majani gani amekunywa. Muuguzi mwenye akili hatamcheka. Atajua ni dawa gani zisizochanganyika nayo.

Hata kwa mbu upo mpaka. Kule Kenya ya magharibi wenyeji hutumia kivumbasi na mimea mingine yenye harufu kuwafukuza mbu, na wataalamu walioijaribu walikuta kwamba mbu walipungua. Walipungua, hawakwisha. Basi kivumbasi na kipandwe karibu na dirisha, na chandarua kibaki juu ya kitanda.

Jinsi ya kuiotesha

Msomaji ataniuliza: «Basi ni mimea gani itakayobaki?» Itabaki mingi, nayo yastahili kazi nzuri. Chagueni mahali penye jua, karibu na jiko na maji, mbali na choo na njia ya mbuzi. Tuta liwe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kulikanyaga; njia kati ya matuta iwe na nusu mita. Tieni samadi iliyooza sawasawa, na funikeni udongo kwa majani makavu ili maji yasikauke upesi. Msinyunyize dawa ya kuua wadudu juu ya majani mtakayoyanywa.

Angalieni pia nchi mliyomo. Bukavu, ulio kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, si sawa na Uvira au Kalemie, ilio chini ya mita 900 kando ya Tanganyika. Mlonge na mwarobaini hupenda joto la mabondeni. Kwenye vilima vya baridi hudhoofika. Kivu ya Kusini hupandwa mvua zianzapo mwezi wa Septemba. Huko Lubumbashi yafaa kungoja mpaka mvua ziwe imara, yapata Novemba.

Mchaichai haupandwi kwa mbegu. Ng'oeni shina kubwa, mligawe, mkate majani yabaki shubiri moja, mpande kwa nafasi ya nusu mita. Mkiupanda kwa mistari inayokata mteremko, mizizi yake itashika udongo ambao mvua huuchukua kutoka vilimani mwetu. Mubirizi hushika kwa kipande cha tawi cha sentimita 30, nao hufaa kuwa ua wa kuzunguka bustani. Mshubiri hutoa watoto kando yake. Wahamisheni mahali pasipotuama maji. Tangawizi huoteshwa kwa kipande cha tunguu lake chenye jicho.

Maua ya porini yataka uvumilivu. Msiyang'oe yalipo, kwa maana mengi hufa njiani. Ngojeni mbegu zikauke juu ya mmea, mchukue chache, mziache nyingine zianguke. Mbegu ndogo kama vumbi changanyeni na mchanga, mzitawanye juu ya udongo uliolainishwa, mzikandamize kidogo bila kuzifukia, mnyunyize maji polepole. Maua hayo hayapendezi tu: huwaita nyuki, na pasipo nyuki maboga na matango hayazai. Katika hifadhi, kama ile ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970, msichukue mmea wala mbegu, sheria imekataza.

Majani ya kuwekwa yachumwe asubuhi umande ukikauka, yakaushwe kivulini juu ya mkeka, mpaka yavunjike mkononi. Yatiwe katika kopo kavu lenye kifuniko, na juu yake pawe na jina na tarehe. Baada ya mwaka mmoja yatupwe.

Kazi ya wanafunzi

Neno letu la mwisho ni kwa wanafunzi. Wazee wenu wanajua mimea ambayo haimo katika vitabu vyenu, na kila mwaka mmoja wao hufariki na elimu yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari, mgawe kila ukurasa sehemu nne: jina, sehemu, kipimo, mpaka. Bandikeni tawi dogo lililokaushwa kati ya karatasi mbili. Andikeni jina la lugha ya nyumbani, na mahali mmea ulipoota. Kisha mwulizeni mwalimu au mtaalamu wa kilimo jina la vitabuni. Msilolijua, liacheni wazi, wala msijaribu dawa yoyote katika miili yenu.

Tena kupanda ni kuokoa. Mti wa milimani uitwao Prunus africana umekatwa na kuchunwa maganda kwa wingi, kwa kuwa huko Ulaya na Marekani hutengenezwa dawa ya wanaume wazee wenye taabu ya kukojoa. Upo Kivu, upo Kameruni, upo Afrika ya Mashariki. Na tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa mataifa uitwao CITES. Mti uliochunwa ganda pande zote hufa. Mimea mingine midogo yaweza kufuata njia hiyohiyo ikiwa kila mtu atachuma na hakuna apandaye.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chasifu dawa itokayo ardhini na daktari pia, wala hakimfukuzi mmoja kwa ajili ya mwingine. Ndivyo iwavyo nyumba yenye busara. Mvua zijapo, pimeni tuta moja tu, mpande mimea minne au mitano mnayoijua vema, na kila mmoja mwuwekee kibao chenye jina lake. Mwaka ujao, mkiisha kujifunza, ongezeni wa sita.